Programu ya ramani ya zamani: lini uihame, lini uiache ilivyo

Ukitumia programu ya ramani ya mwaka 2008 au 2014, kila inapogoma utasikia ushauri uleule: weka mpya. Wakati mwingine ni ushauri sahihi. Lakini matatizo mengi yanayobebeshwa uzee wa programu yanatokana na data, na seva za mbali, au na Windows yenyewe, na ukihama nayo yanahama pamoja nawe. Ni sawa na kununua gari jipya kwa sababu barabara ina mashimo.

Kwa hiyo naanza na dalili, nashuka hadi chanzo, kisha natoa hukumu: hama, au tengeneza ulichonacho. Kipimo changu kikuu si wingi wa vitufe vipya. Ni swali hili: data yangu bado inaweza kutoka humu ikasomwa kwingine? Inapoanza kukwama ndani, muda wa kuhama umefika, hata kama programu yenyewe inafunguka vizuri kila asubuhi.

Kabla ya kugusa chochote

Fungua menyu ya msaada utazame namba kamili ya toleo. Kusema "natumia QGIS" hakutoshi, kwa sababu 2.18 na 3 zimejengwa juu ya misingi tofauti. Vilevile ArcMap na ArcGIS Pro, ingawa zote ni za kampuni ya Esri, ni programu mbili tofauti. Andika Windows ni ipi, programu ni ya biti 32 au 64, na data yako imehifadhiwa katika fomati gani: .shp, .mdb, .gdb, .tab. Hili la fomati ndilo watu hulisahau, na mara nyingi ndilo linaloamua kesi.

Kisha nakili folda nzima mahali pengine. Folda, si faili. Shapefile moja, yaani data ya ramani ya fomati ya .shp, ni mafaili matatu kwa uchache (.shp, .shx na .dbf), na ukiiacha .prj (inayotaja mfumo wa majiranukta) nyuma utakuwa umejitengenezea tatizo lililoelezwa chini kidogo.

Dalili: ramani ya mtandaoni iliyokuwa ikionekana nyuma sasa ni nyeupe tupu

Jana ilikuwepo, leo haipo, nawe hujabadilisha kitu. Anza na saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa, na hapo kila cheti cha usalama kinaonekana batili. Rekebisha tarehe, ujaribu tena.

Tarehe ikiwa sawa, chukua anwani ya huduma hiyo uifungue kwenye kivinjari cha kisasa, katika kompyuta ileile. Isipofunguka hata huko, huduma imefungwa au imehama, na programu yako haina hatia: tafuta anwani mpya uiingize. Ikifunguka kwenye kivinjari lakini ikakataa ndani ya programu, basi programu haijui tena kuzungumza na seva. Seva nyingi zimeacha kupokea TLS 1.0 na 1.1, matoleo ya kale ya itifaki ya kusimba mawasiliano, ilhali programu za zamani hazijui nyingine. Kuna pia suala la vyeti: tarehe 30 Septemba 2021 muda wa cheti mzizi (cheti ambacho vyeti vingine hukitegemea) kilichokuwa kikiitwa DST Root CA X3 uliisha, na programu zilizobeba maktaba ya usalama ya OpenSSL 1.0.2 au ya nyuma yake zikaanza kukataa tovuti nyingi zenye vyeti vya Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, ingawa tovuti zenyewe zilikuwa salama kabisa.

Hukumu inategemea kazi yako. Kama ramani hiyo ya nyuma ni pambo tu, pakua picha ya eneo lako mara moja, iweke kwenye diski, uendelee. Kama kila siku unachora juu ya picha za mtandaoni au unasoma data kutoka seva, hama. Hakuna marekebisho ya kudumu hapa, maana seva zitazidi kukaza masharti.

Dalili: inaganda au inajifunga ghafla katikati ya kazi kubwa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mtu hukimbilia kuongeza RAM. Fungua Task Manager wakati kazi inaendelea, nenda sehemu ya Details, uongeze safu ya Platform. Ikisema biti 32, tazama matumizi ya kumbukumbu yanavyopanda. Programu ya biti 32 kwa kawaida haiwezi kushika zaidi ya GB 2, na zile zilizoandaliwa maalumu hufika karibu GB 4 kwenye Windows ya biti 64. Kompyuta inaweza kuwa na GB 32 za RAM, programu ikafa kwa njaa ikiwa na GB 3.8. ArcMap ni ya kundi hili. ArcGIS Pro, iliyotoka mwaka 2015, ni ya biti 64. QGIS kwa upande wa Windows iliacha kabisa kutoa matoleo ya biti 32 baada ya 3.16.

Ukiona namba inapanda polepole, inagota karibu na kikomo hicho, kisha dirisha linapotea, umeshapata jibu: programu ndiyo kikwazo. Hama.

Lakini kama inajifunga ikiwa na MB 600 tu, usihame bado. Kata kipande kidogo cha eneo, robo hivi, urudie kazi ileile. Kikipita, kata kingine. Ukifika kwenye kipande kinachoua programu kila mara, humo mna umbo bovu: poligoni inayojikata yenyewe, mstari wenye nukta moja, au umbo tupu lisilo na kitu ndani. Zana ya kukagua na kurekebisha maumbo huwa imo hata kwenye matoleo ya zamani. Programu mpya mara nyingi husimama na kukutajia namba ya umbo lenye kasoro badala ya kufa kimyakimya, na huo ni uungwana wa kweli, ila data itabaki mbovu mpaka uisafishe.

Kagua pia ukubwa wa mafaili. Kikomo cha .shp na .dbf ni GB 2 kila moja. Hifadhidata ya .mdb nayo ina kikomo cha GB 2, na huanza kuchechemea mapema zaidi, kati ya MB 250 na 500. Ukiwa karibu na mipaka hiyo, kinachohitaji kubadilishwa kwanza ni fomati ya kuhifadhia.

Kama kinachokuudhi ni uzito tu, bila kujifunga, hamishia data kutoka diski ya mtandao wa ofisi hadi diski ya ndani, tengeneza faharasa ya kijiografia (inayoharakisha utafutaji) kwa matabaka makubwa ya ramani, na ujenge piramidi (nakala ndogo za kutazamia haraka) za picha za satelaiti. Wengi wakifanya hivyo huacha kuzungumzia kuboresha programu.

Dalili: matabaka mawili hayakai pamoja

Hili ndilo lalamiko ninalolipenda, kwa sababu ukubwa wa kosa hukutajia chanzo. Chukua kifaa cha kupimia umbali, pima kutoka mahali kitu kilipo hadi mahali kinapotakiwa kuwa.

Mita moja au mbili: huenda ni tofauti kati ya mifumo ya majiranukta ya jirani sana, kama NAD83 ya Amerika Kaskazini na WGS 84 inayotumiwa na GPS. Kwa ramani ya barabara haina maana. Kwa mipaka ya viwanja ina maana sana.

Makumi hadi mamia ya mita, na kila kitu kimesogea kuelekea upande uleule: datamu, yaani modeli ya dunia ambayo majiranukta hupimwa kwayo. Data ilipimwa kwa mfumo wa zamani, mathalani NAD27 ya Amerika Kaskazini au ED50 ya Ulaya, nawe unaitazama kana kwamba ni WGS 84.

Takribani kilomita 600 na ushee kuelekea mashariki au magharibi, karibu na ikweta: umechagua kanda ya jirani ya UTM, mfumo unaogawa dunia katika kanda na kupima kwa mita. Kila kanda ina upana wa nyuzi 6.

Kilomita 10,000 kaskazini au kusini: umechanganya UTM ya kaskazini na ya kusini, kwa kuwa nusu ya kusini huongezewa mita 10,000,000 ili namba zisiwe hasi.

Tabaka zima limekuwa nukta moja ndani ya Ghuba ya Guinea: majiranukta yako ni nyuzi, lakini programu inayasoma kama mita, kwa hiyo dunia nzima imesinyaa ikawa mita mia chache kandokando ya sifuri, sifuri.

Na kuna kosa la kupindua latitudo na longitudo, ambalo lina ujanja wake. Kwa kawaida unalitambua bila shida, kwa sababu mji huishia bahari isiyo yake. Lakini Cairo iko karibu nyuzi 30.04 kaskazini na 31.24 mashariki, pindua namba hizo uone: unatua Alexandria, mji mwingine mkubwa wa Misri, na ramani inaonekana haina kasoro hata kidogo. Ukiingiza jedwali la CSV, kumbuka X ni longitudo.

Hakuna hata moja kati ya haya linalotokana na uzee wa programu. Tafuta faili ya .prj, kama haipo, uliza aliyekusanya data alitumia mfumo gani, kisha uutaje kwenye programu. Kuutaja mfumo na kuyageuza majiranukta ni vitu viwili tofauti. Kutaja hakusogezi kitu, kunaiambia programu tu namba zinamaanisha nini. Kugeuza huandika namba mpya. Anayegeuza kabla ya kutaja huharibu data kabisa.

Sasa upande wa pili wa shilingi: kuhama kwenyewe kunaweza kuzaa dalili hii. Mwaka 2019 maktaba za programu za PROJ toleo la 6 na GDAL 3 zilibadilisha namna ya kuchagua hesabu za kutoka datamu moja hadi nyingine, na zikaanza kuheshimu mpangilio rasmi wa mihimili, ambapo EPSG:4326 (namba ya WGS 84 kwa nyuzi) huanza na latitudo. Programu nyingi za ramani hutegemea maktaba hizo. Kwa hiyo mradi uliokaa sawa kwa miaka kumi unaweza kusogea mita kadhaa ukiufungua katika toleo jipya, na si lazima jipya ndilo limekosea. Huenda lile la zamani lilikuwa likitumia hesabu duni. Pata alama moja ya upimaji ambayo majiranukta yake rasmi unayajua, iweke kwenye programu zote mbili, uone ipi inaiweka pake.

Dalili: herufi zimevurugika, majina ya safu yamekatika

"José" amekuwa "JosÃ©". Shapefile haibebi ndani yake maelezo ya uhakika kuhusu usimbaji wa herufi. Fungua kihariri cha maandishi, andika neno UTF-8 peke yake, lihifadhi kwa jina lilelile la shapefile ila kwa kiambishi .cpg, kando ya .dbf. Kama data iliandikwa kwa usimbaji wa kale wa Windows wa Ulaya Magharibi, andika 1252 badala yake. Fungua upya, utaona.

Kukatika kwa majina ni jambo jingine: safu ya .dbf hairuhusiwi kuzidi herufi 10. Jina "idadi_ya_watu" linahifadhiwa kama "idadi_ya_w", na "idadi_ya_wazee" ikija nyuma yake inageuzwa "idadi_ya_1", na mwaka mmoja baadaye hakuna anayekumbuka ipi ni ipi. Programu mpya ikihifadhi shapefile itakata vilevile. Dawa ni kuhamia GeoPackage, fomati iliyopitishwa kuwa kiwango mwaka 2014, ambayo huweka matabaka mengi ndani ya faili moja la hifadhidata ya SQLite.

Dalili: tarehe za njia za GPS zimerudi nyuma karibu miaka ishirini

Kifaa, si programu. Hesabu ya wiki za GPS hurudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 6 Aprili 2019. Kifaa kisichosasishwa kinaweza kuandika safari ya Juni 2023 kama ya mwishoni mwa 2003. Ongeza siku 7,168 kwenye tarehe zote, ubaki na programu yako.

Dalili: wenzako wanakutumia mafaili usiyoweza kuyafungua

Wakikutumia .qgz, faili la mradi wa QGIS, badilisha kiambishi kiwe .zip, ufungue: ndani mna .qgs, ambayo ni maandishi ya kawaida ya XML. Unaweza angalau kusoma mradi unatumia data ipi. ArcMap haiwezi kulifungua faili la mradi la .aprx la ArcGIS Pro, na Pro haihifadhi kurudi .mxd, faili la mradi la ArcMap; safari ni ya upande mmoja.

Kama ni data tu, usihame kwa ajili ya faili moja. GDAL ni ya bure, inakaa pembeni bila kugusa programu yako, na hugeuza fomati kwa amri moja:

`ogr2ogr -f "ESRI Shapefile" toka_kwao.shp toka_kwao.gpkg`

Ikiwa GeoPackage ina matabaka mengi, taja jina la unalolitaka mwishoni mwa amri. Yakianza kuja mafaili ya namna hiyo kila wiki, hapo hesabu inabadilika.

Dalili: kompyuta mpya imekataa kuisanikisha

Visakinishi vingi vya miaka ya 1990 ni vya biti 16, na Windows ya biti 64 haiendeshi biti 16 kabisa. Programu nyingine zinasanikika lakini leseni inakataa: imefungwa kwenye mashine iliyokufa, au kwenye kile kifunguo cha kuchomeka ambacho draiva yake haitengenezwi tena. Tofauti na dalili zilizotangulia, hapa data inaanza kufungiwa ndani.

Njia ya muda ni mashine pepe: ndani ya VirtualBox unaweka Windows ya zamani, unaikatia mtandao, unasanikisha programu humo. Kata mtandao kweli. Windows XP iliacha kupata viraka Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hiyo iwe ya kutolea data tu. Anayeanza kufanyia kazi mpya humo anaongeza mzigo atakaoubeba siku ya kuhama.

Usingojee kompyuta ya mwisho inayoifungua programu ife. Toa data leo, ungali na uwezo wa kuikagua pande zote mbili.

Mambo yanayostahili kukuzuia

Skripti ndilo la kwanza. Kama kazi yako ya ArcView 3 iliandikwa kwa Avenue, lugha yake ya skripti, hakuna kitakachoisoma, utaandika upya. Skripti za ArcMap na QGIS 2 ni za Python 2.7, lugha iliyoacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, na programu mpya zinataka Python 3. Sehemu kubwa ya makosa hujitangaza yenyewe: `print` bila mabano inakataa papo hapo, na moduli ya `arcpy.mapping` haipo tena, pake pana `arcpy.mp`. Ninaloliogopa ni lile lisilopiga kelele. Katika Python 2, 7/2 ni 3. Katika Python 3 ni 3.5. Skripti inaendeshwa mpaka mwisho, inatoa ramani nzuri, na namba zake ni tofauti. Kagua kila mgawanyo.

Pili, .mdb. ArcGIS Pro haisomi hifadhidata hizo, ziitwazo personal geodatabase. Zigeuze kuwa .gdb ukiwa bado ndani ya ArcMap. Usiiondoe ArcMap kwanza. Esri iliweka tarehe 1 Machi 2026 kuwa mwisho wa kuihudumia, lakini mwisho wa huduma hauzimi programu iliyokwisha kusanikishwa, kwa hiyo bado unaweza kuitumia kutolea data. Mahesabu ya jedwali yaliyoandikwa kwa VBScript nayo hayavuki kwenda Pro.

Tatu, programu-jalizi. Zile za QGIS 2 hazifanyi kazi katika 3 mpaka mwandishi wake azihamishe. Orodhesha unazozitumia kweli, huwa ni tatu au nne, utafute kila moja kama ina toleo jipya au kama kazi yake sasa imo ndani ya programu yenyewe. Ukikosa moja tu ambayo kazi haiendi bila hiyo, subiri.

Ukiamua kuhama

Weka mpya kando ya ya zamani. ArcMap na Pro hukaa pamoja kwenye kompyuta moja, na QGIS za matoleo mbalimbali pia, ila kwa zile za 3 tengeneza wasifu tofauti kwa kila toleo, la sivyo zitagombania mipangilio na programu-jalizi zilezile. Kwa QGIS chagua toleo la muda mrefu, linaloitwa LTR. Yale mengine hutoka kila baada ya miezi minne na si lazima uyakimbize.

Chagua mradi mmoja uliokwisha kukamilika, wenye matokeo unayoyajua, uurudie kwenye programu mpya. Linganisha vitu vitatu: idadi ya maumbo katika kila tabaka, mahali ilipo ile alama ya upimaji, na jumla ya eneo.

Jumla ya eneo ndiyo huleta ugomvi. Katika QGIS, `$area` hupima kwa kufuata umbo la mviringo wa dunia lililowekwa kwenye mradi, ilhali `area($geometry)` hupima juu ya karatasi bapa ya mfumo wa tabaka. Tabaka likiwa katika Web Mercator, mfumo wa ramani nyingi za mtandaoni, hesabu bapa huvimba kadiri unavyoondoka kwenye ikweta. Kwenye nyuzi 60 eneo huonekana mara nne ya lilivyo. Kwa hiyo hekta zikitofautiana kati ya programu mbili, uliza kwanza kila moja imepima kwa njia gani. Inawezekana kabisa ripoti za miaka iliyopita ndizo zilizokuwa na namba zilizovimba, na hapo utalazimika kuamua, pamoja na wanaozitumia, kama zirekebishwe au ziachwe zilivyo na maelezo yaandikwe pembeni.